Picha za ufukweni: Mahali pa wazi, mambo ya ndani

JUA linapochomoza juu ya milima ya Umatengo, ufukwe wa Ziwa Nyasa huwa umekwisha kuamka zamani. Katika mialo ya Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na vijiji vilivyo katikati, mitumbwi iliyokwenda kuvua usiku hurejea na usipa, wachuuzi hupatana bei wakiwa wamesimama majini hadi magotini, na kina mama huanza kutandaza usipa juu ya vichanja. Hatua chache kutoka hapo mtu anaosha vyombo, mwingine anafua, watoto wanachezea maji, na nyuma ya kona ya mawe kuna watu wanaoga.

Ufukwe huo ni mahali pa wazi. Hauna ukuta wala mlango, na yeyote anaweza kupita. Lakini kwa wakazi wake, ufukwe huohuo ni soko, ni jiko, ni mahali pa kufulia na ni bafu. Mgeni anayeshuka garini na kamera mkononi huona mandhari. Mwenyeji anayemwangalia mgeni huyo huona mtu aliyeingia uani bila kupiga hodi.

Tofauti hiyo ya macho ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi wa picha. Na ugomvi huo una nafasi ya kuongezeka, kwa kuwa mwambao huu si wa kujificha tena. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012, ilikuwa kwa miaka mingi ikifikiwa kwa shida, hasa wakati wa masika. Barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa takriban kilometa 66, sasa ina lami, na inateremka kwa kona baada ya kona hadi ziwani. Msafiri anayetoka Songea asubuhi anaweza kupiga picha za mashimba ya kahawa Mbinga, akala samaki Mbamba Bay mchana, na kabla ya usiku picha zake zikawa zimeonekana Dar es Salaam, Nairobi au Muscat.

Ni nani basi mwenye haki juu ya picha ya mtu aliyekuwa akifanya shughuli zake mahali pa wazi? Je, ni yule aliyebonyeza kamera, au ni yule ambaye sura yake imechukuliwa?

Sheria inasema nini

Jibu fupi ni kwamba Tanzania haina sheria moja inayokataza kumpiga mtu picha mahali pa wazi kwa sababu tu hakuombwa ruhusa. Anayedai kwamba kila picha bila ruhusa ni kosa la jinai anakosea. Lakini anayedai kwamba mahali pa wazi hapana haki yoyote ya faragha anakosea pia, tena kosa lake lina madhara makubwa zaidi.

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa kutoa maoni, kutafuta na kutoa habari. Haki hizo mbili hukutana kwenye kamera, na hakuna iliyoandikwa kuwa juu ya nyenzake.

Kwa muda mrefu Ibara ya 16 ilibaki bila sheria mahsusi ya kuitekeleza katika mambo ya taarifa za watu. Hali hiyo ilibadilika Bunge lilipopitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo iliunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024.

Wengi wanaposikia maneno "taarifa binafsi" hufikiria namba ya simu, akaunti ya benki au kitambulisho cha taifa. Lakini taarifa binafsi ni taarifa yoyote iliyohifadhiwa kwa namna yoyote inayoweza kumtambulisha mtu, na hakuna kinachomtambulisha mtu upesi kama uso wake. Kwa hiyo taasisi, kampuni, hoteli, shirika au shule inayokusanya picha za watu na kuzitumia katika shughuli zake iko ndani ya mkono wa sheria hii. Inatakiwa iwe na sababu halali ya kuzikusanya, izitumie kwa lengo lililotajwa, na isizigeuzie matumizi mengine ambayo mwenye sura hakuyajua.

Sheria inatoa misamaha, ukiwamo wa mtu anayetumia taarifa kwa mambo yake mwenyewe. Kijana aliyepiga picha ya harusi ya binamu yake na kuiweka katika simu yake hana haja ya kuihofia Tume. Lakini picha hiyohiyo ikitokea katika tangazo la duka la vitenge, mambo yamebadilika. Si picha iliyobadilika, ni matumizi yake.

Adhabu zilizowekwa si ndogo. Mtu binafsi anayetoa taarifa za mtu mwingine kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini kati ya Sh 100,000 na Sh milioni 20, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni au taasisi, faini inaanzia Sh milioni moja na inaweza kufika Sh bilioni tano.

Watoto wana ulinzi wa ziada. Sheria hiyo inaweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto, yaani mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, yatangulizwe katika jambo lolote linalomhusu. Ni vyema jambo hili likasemwa wazi kwa sababu katika mwambao wa Nyasa watoto ndio wanaopigwa picha kuliko watu wote. Hukimbilia kamera wenyewe, hucheka, hurukaruka majini wakiwa hawana nguo. Furaha yao si ridhaa. Mtoto wa miaka sita hajui picha inakwenda wapi, na picha ya mtoto aliye uchi haina kisingizio, hata kama aliyeipiga alikuwa akilenga mawimbi.

Ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Hiyo haihusiki na upigaji wa picha, bali na kinachofanywa na picha baadaye: kusambaza picha za ngono kwa mtandao, au kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa moyo. Anayempiga mwanamke picha akioga ziwani, kisha akamtishia kwamba ataisambaza asipopewa fedha, amekwisha kutoka katika mjadala wa adabu na kuingia katika mlango wa polisi.

Kamera na dola

Kuna picha ambazo hazikatazwi kwa ajili ya faragha ya mtu bali kwa ajili ya usalama wa nchi, na mara nyingi watu huchanganya mambo hayo mawili. Sheria ya maeneo yanayolindwa ya mwaka 1969 na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 zinaweka mipaka kwa maeneo kama kambi za jeshi na mitambo muhimu. Bandari, madaraja makubwa, vituo vya polisi na vya uhamiaji ni mahali ambapo mwenye busara huuliza kwanza.

Katika pembe hii ya nchi hadhari hiyo ina uzito wake. Kusini kuna Msumbiji, na ng'ambo ya maji kuna Malawi, nchi ambayo Tanzania haijakubaliana nayo kuhusu mpaka ulipo. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya ziwa. Malawi inasema unafuata ufukwe wa upande wa Tanzania. Mzozo huo ulipamba moto mwaka 2012 baada ya Malawi kuruhusu utafutaji wa mafuta ziwani. Askari anayemwona mgeni akipiga picha za boti ya doria hana njia ya kujua kwamba mgeni huyo alivutiwa na rangi za machweo tu.

Anayetaka kurusha kamera angani kwa ndege ndogo isiyo na rubani anahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla hajafika ufukweni. Chombo hicho nacho huleta taabu mpya ya faragha. Kona ya mawe inayomficha mwogaji dhidi ya macho ya barabarani haimfichi dhidi ya jicho linalotoka juu.

Kifo cha Bismarck na watu wa Songea

Mtu anaweza kudhani kwamba madai ya haki juu ya sura ni mambo ya kizazi cha simu. La hasha. Kampuni ya Kodak ilipoanza kuuza kamera ndogo ya kubeba mkononi nchini Marekani mwaka 1888, haikupita miaka mitatu kabla wanasheria wawili, Samuel Warren na Louis Brandeis, hawajaandika makala mashuhuri ya mwaka 1890 wakitetea haki ya mtu kuachwa bila kubughudhiwa. Miongoni mwa mambo waliyoyalalamikia ni picha za papo kwa papo na magazeti yaliyoingia katika maisha ya nyumbani ya watu.

Kisa kinachoigusa Ruvuma kwa karibu zaidi kilitokea Ujerumani. Julai 1898, Otto von Bismarck, ambaye chini ya ukansela wake Ujerumani ilijitwalia makoloni ya Afrika, alifariki nyumbani kwake Friedrichsruh. Usiku huo wapiga picha wawili walipenya hadi chumbani mwake na kuupiga picha mwili wake kitandani, wakikusudia kuiuza. Familia ilikwenda mahakamani, na mwaka 1899 Mahakama Kuu ya Ujerumani ikaamuru picha hizo ziharibiwe. Tatizo ni kwamba majaji hawakuwa na sheria ya picha ya kutegemea. Iliwabidi wategemee kosa la kuingia nyumbani kwa mtu bila haki. Kutokana na aibu ile, Ujerumani ilitunga sheria Januari 1907 iliyosema kwamba picha ya mtu isisambazwe wala kuonyeshwa hadharani bila ridhaa yake. Sehemu ya sheria hiyo inatumika hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1907, katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki, vita vya Maji Maji vilikuwa vikifikia mwisho. Mashujaa 67 walikuwa wamenyongwa Songea Februari 27, 1906. Katika miaka hiyo maofisa, wasafiri na wataalamu wa mila walizunguka koloni zima na kamera zao, wakiwapiga picha wafungwa waliofungwa minyororo, wanawake waliovuliwa nguo, na wazee waliosimamishwa mbele na pembeni kama vipimo vya sayansi. Picha nyingi zilipelekwa Ulaya katika makumbusho na kadi za posta. Chini ya picha hizo huandikwa jina la kabila, wakati mwingine jina la mpiga picha. Jina la aliyepigwa picha mara nyingi halipo.

Sheria iliyozaliwa kwa sababu ya heshima ya maiti ya kansela mmoja haikusikika Songea wala Sphinxhafen, kama Wajerumani walivyoiita bandari ya Liuli kwa sababu ya jiwe lenye umbo lililowakumbusha sanamu ya Misri.

Historia hiyo haiwahukumu wapiga picha wa leo. Inaeleza tu kwa nini mzee wa miaka themanini anayemwona mgeni akimwelekezea kamera anaweza kugeuza uso, na kwa nini kugeuza uso huko si ujinga wa teknolojia kama wengine wanavyodhani.

Mambo ya Kenya

Kwa Afrika Mashariki, mifano iliyo wazi zaidi ya watu kudai haki juu ya picha zao inatoka Kenya, ambayo ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Desemba 2022, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya nchi hiyo iliitoza kampuni ya simu ya Oppo Kenya faini ya Sh milioni tano za Kenya, katika shauri lililoanzia kwa mtu aliyelalamika kuwa picha yake ilitumika katika ukurasa wa Instagram wa kampuni bila ridhaa yake.

Septemba 2023 ofisi hiyo ilitangaza faini nyingine. Baa na mgahawa wa Casa Vera jijini Nairobi ulitozwa Sh milioni 1.85 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa. Shule ya Roma, eneo la Uthiru, ilitozwa Sh milioni 4.55 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Ni vyema kuangalia aina ya makosa hayo. Hakuna aliyeadhibiwa kwa kubonyeza kamera mtaani. Walioadhibiwa ni wafanyabiashara na taasisi zilizochukua sura za watu na kuzifanya matangazo. Mteja wa baa alikuwa mahali ambapo watu wengi walimwona. Lakini kuonwa na watu hamsini waliokuwapo usiku ule si sawa na kuonwa na mwajiri, mkwe na mchungaji asubuhi yake.

Hoteli na nyumba za wageni zinazofunguliwa katika mwambao wa Nyasa, pamoja na mashirika yanayochapa ripoti zenye picha za wanavijiji, zina sababu ya kuyasoma mashauri hayo. Sheria ya Tanzania ni tofauti na ya Kenya kwa vifungu, lakini msingi wake unafanana.

Madhara ambayo picha haionyeshi

Mara nyingi mpiga picha hana nia mbaya. Anachokosa ni habari. Haoni ndani ya picha kile ambacho mwenyeji akiiona atakisoma mara moja.

Chukua foleni katika hospitali. Kwa mgeni ni watu waliokaa kwenye mabenchi chini ya mti. Kwa mwenyeji anayejua kwamba siku fulani na jengo fulani ni la kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, picha hiyo ni orodha ya majina. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu VVU na Ukimwi inalinda siri ya hali ya afya ya mtu, na siri hiyo haitolewi na daktari peke yake. Inaweza kutolewa na kamera iliyokuwa ikilenga mti. Ndiyo maana hospitalini ruhusa ya uongozi haitoshi. Uongozi unaweza kuruhusu jengo lake lipigwe picha, lakini hauna mamlaka ya kutoa sura ya mgonjwa.

Chukua pia msimu wa kahawa. Wilayani Mbinga mkulima anapopokea malipo katika chama cha msingi cha ushirika, huwa ni siku ya furaha, na viongozi hupenda ipigwe picha. Lakini picha ya mtu anayehesabu noti, iliyotumwa mtandaoni siku hiyohiyo pamoja na jina la kijiji, ni taarifa kwa mwizi, kwa mdai na kwa ndugu ambaye hakutarajiwa kujua kiasi. Ikichapwa mwezi mmoja baadaye, hatari hiyo imepungua sana. Wakati mwingine kumlinda mtu kunahitaji kusubiri tu.

Mashamba ya ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangika kwenye miteremko kama sega la nyuki, ni mfano wa upande wa pili. Kilimo hicho kimepigwa picha na watafiti kwa miongo mingi, na mandhari yake hupendeza zaidi yakitazamwa kwa mbali. Mwanamke anayefukia nyasi kwa jembe akionekana mdogo kama nukta juu ya mlima hadhuriki na picha hiyo. Ile sheria ya Ujerumani ya 1907 iliwahi kulifikiria jambo hili: iliwasamehe wapiga picha pale watu wanapoonekana kama sehemu ndogo tu ya mandhari, au wakiwa katika mkusanyiko wa hadhara. Ni kipimo kizuri hata kwa asiyekuwa Mjerumani. Je, picha ni ya mlima wenye mtu ndani yake, au ni ya mtu aliye mlimani? Ikiwa ni ya pili, mtu huyo aulizwe.

Ngoma nazo ni mahali pa wazi kwa maana kamili. Wachezaji wa mganda na kioda huvaa, hujipanga na hucheza ili waonekane; kikundi kingine hukasirika kisipopigwa picha. Hapo ridhaa imo katika tendo lenyewe, ingawa kiongozi wa kikundi hustahili salamu. Lakini mgeni asidhani kwamba kila penye ngoma ni hivyo. Mafunzo ya ndani ya unyago hayapigwi picha, na msibani mpiga picha aliyekodiwa na wafiwa ana kazi yake. Mpita njia hana.

Namna ya kuomba

Katika mwambao huu, kuomba picha huanza na salamu, na salamu haiharakishwi. Kijana anayemkuta mama mtu mzima kwenye kichanja cha usipa huanza na "Shikamoo mama," akapokea marahaba yake, akauliza habari za kazi na za ziwa, ndipo aseme alikotoka na anachotaka. Kuinua kamera kwanza na kuuliza kwa ishara ya kidole, kama wageni wengi wafanyavyo, ni kumuuliza mtu wakati jibu limekwisha kuchukuliwa.

Anayeombwa anastahili kuambiwa picha ni ya nini. "Ni kumbukumbu yangu" na "ni ya tangazo la kampuni" ni maombi mawili tofauti, hata kama kamera ni moja. Ni heri kumwonyesha picha iliyopigwa papo hapo. Akisema ifutwe, ifutwe mbele yake.

Wapo wapiga picha wanaopinga utaratibu huu. Husema kwamba ukiuliza kwanza, tendo linakufa: mtu anasimama wima, anashusha mikono, anakaza uso kama anayepigwa picha ya pasipoti. Hoja yao ina ukweli. Njia inayotumiwa na wengi waliobobea ni kukaa. Anayekaa mwaloni saa mbili, akasalimia, akanunua usipa, akajulikana na mwenyekiti wa kijiji au viongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, hufika mahali ambapo watu wanaendelea na kazi zao wakijua kamera ipo. Picha za namna hiyo huwa bora kuliko za kuvizia, na wenye sura wanazijua.

Njia nyingine ni kupiga kwanza tendo linalopita, kisha kwenda kwa mhusika, kumwonyesha na kuomba. Inafaa kwa mvuvi anayerusha wavu. Haifai kwa anayeoga, mgonjwa, aliyelewa, anayelia au mtoto.

Kuhusu fedha, hakuna desturi moja. Mtu aliyesimamishwa kazi yake kwa dakika 20 ili picha ipatikane ana haki ya kudai fidia ya muda wake, na si vizuri kumwita mwenye tamaa. Lakini kugawa noti kwa watoto ili wapige pozi huwafunza kuomba, na wazazi wengi hawalipendi. Kilichokwisha kuleta chuki zaidi ya fedha ni ahadi. Enzi za filamu, mpiga picha wa mtaani alipiga picha, akaenda kusafisha, akarudi na kuiuza kwa mwenyewe. Asiporudi alikosa riziki. Picha ilikuwa ya karatasi na iliishia katika albamu ya nyumbani. Leo picha inaondoka na mpigaji, na maneno "nitakutumia" husemwa kwa urahisi kuliko yanavyotimizwa. Mbinga mjini kuna studio zinazochapa picha kwa bei nafuu. Asiyekusudia kurudisha picha asiahidi.

Pale ambapo ruhusa haisubiriwi

Yote hayo hayana maana kwamba kamera inapaswa kumwogopa kila mtu. Mkuu wa wilaya anayehutubia mkutano wa hadhara hana faragha ya kudai kwa hotuba yake. Mtendaji anayepokea rushwa hadharani, lori linalomwaga taka mtoni, au watu wanaokokota makokoro ya macho madogo karibu na mazalia ya samaki ni mambo yenye maslahi kwa umma, na mwandishi hatarajiwi kuwaomba ruhusa wahusika. Kama kila aliyenaswa angeweza kusema "futa" na akatiiwa, umma ungekosa ushahidi wa mambo mengi.

Hata hivyo, maslahi ya umma si sawa na umma kupenda kutazama. Boti inapozama, wananchi wana haki ya kujua ilikuwa na watu wangapi na kama ilikuwa na maboya ya kuokolea. Picha ya uso wa aliyekufa maji, ikisambazwa kwa simu kabla familia haijaarifiwa, haiongezi lolote katika maswali hayo. Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, limekuwa likiwasisitizia wanahabari maadili ya kuheshimu faragha na huzuni za watu. Tatizo ni kwamba siku hizi anayefika kwanza kwenye ajali si mwanahabari. Ni mwendesha bodaboda mwenye simu, ambaye hajawahi kuhudhuria semina hata moja.

Aliyekosewa afanye nini

Mkazi wa Nyasa anayekuta picha yake imetumiwa bila ridhaa ana hatua za kuchukua, ingawa ziko mbali naye kuliko inavyofaa. Kwanza ni kuhifadhi ushahidi: nakala ya ukurasa ulivyoonekana, jina la akaunti au taasisi, tarehe na saa. Wengi hukimbilia kulalamika, picha ikaondolewa, kisha wakabaki hawana cha kuonyesha.

Pili ni kumwandikia mhusika na kumtaka aiondoe. Migogoro mingi ya hoteli, shule na mashirika huishia hapo, kwa kuwa taasisi hazipendi jina lake lichafuke. Mhusika akikaidi, malalamiko yanaweza kupelekwa katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo kanuni zake za kushughulikia malalamiko zilitolewa mwaka 2023. Tume ina mamlaka ya kuchunguza na kutoa amri, na njia ya mahakama ya madai inabaki wazi kwa anayetaka fidia. Kwa picha za utupu, vitisho au udhalilishaji wa mtoto, mahali pa kuanzia ni kituo cha polisi, siku hiyohiyo.

Kikwazo ni kwamba anayeathirika zaidi ndiye asiye na uwezo wa kujua. Mama aliyepigwa picha Liuli akianika usipa anaweza kuwa sura ya umaskini katika kalenda ya shirika fulani ughaibuni kwa miaka mingi, huku mwenyewe akiwa na nyumba ya bati, watoto wawili sekondari na deni la mtu yeyote hana. Hatalalamika, kwa sababu hakuna atakayemwonyesha kalenda hiyo.